Mgongo wa Mkulima wa Mwani

Maji ya bamvua yanapokupwa, wanawake wengi wa Pemba huinama kwa saa nyingi wakifunga mwani kambani, kisha hubeba magunia yaliyolowa. Mgongo ukiuma, kuwapa vidonge na kuwaambia wapumzike hakutoshi: maji hayamngoji mtu, na asiyeshuka pwani hukosa kipato. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza elimu na mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno. Mgonjwa afundishwe kukunja magoti anapoinua mzigo na kuuweka karibu na kifua. Nyumbani alale chali, magoti yamekunjwa, ainue nyonga polepole. Akipata ganzi miguuni au akishindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali mara moja. Mafunzo hayo yastahili kuandamana na dawa katika kila kituo cha afya kisiwani.