Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Ahadi itajwe pamoja na bei yake

Katumba, Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo,
Mkoa wa Katavi.
Juni 2025

Kwa Mheshimiwa Dkt. Mwigulu Nchemba (Mb),
Waziri wa Fedha,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUTOAHIDI KWA FEDHA AMBAYO HAIJAPATIKANA

Mheshimiwa Waziri,



Tarehe 12 mwezi huu umesoma bajeti ya shilingi trilioni 56.49. Mwaka 2021/22, bajeti yako ya kwanza katika wizara hii, ilikuwa trilioni 36.3. Ndani ya miaka minne matumizi yamepanda kwa zaidi ya nusu, na mwaka huu ni wa uchaguzi: ilani zinaandikwa, majukwaa yanajengwa, na kila mgombea atapita huku kwetu na orodha ya mambo atakayotufanyia. Ninakuandikia kabla hawajafika. Sikuombi barabara, wala kisima, wala shule. Ninaomba serikali na vyama vyote vikubali sheria moja: asiyejua bei ya ahadi yake na mahali itakapotoka fedha, asiitoe.

Huenda utashangaa ombi hili kutoka Katumba, kwa kuwa wengi wanatujua kama watu wa kusaidiwa. Makazi haya yalifunguliwa baada ya watu kukimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Wazee wetu walipewa mashamba porini, majembe, mbegu na chakula cha kuanzia. Chakula hicho kilikuwa na mwisho uliojulikana: ukivuna, mgawo unakoma. Ulikoma kweli, na watu wakala walicholima, kilichozidi wakakiuza Mpanda mjini. Mwaka 2014 wengi wetu tulipokea vyeti vya uraia wa Tanzania, tukiwa tumeshajitegemea kwa miongo mingi. Ndiyo maana nathubutu kuiambia serikali yangu iishi kwa mavuno yake.

Deni la serikali limevuka shilingi trilioni 100. Kila mwaka tunaambiwa ni himilivu, kwa kuwa thamani yake ya sasa iko chini ya ukomo wa asilimia 55 ya pato la taifa. Hesabu hiyo siipingi. Lakini pato la taifa halilipi deni, Mheshimiwa. Deni hulipwa na makusanyo ya kodi, na katika pato hilo la taifa yamo mahindi yangu ambayo hayajauzwa na mihogo ambayo itaishia jikoni kwangu. Anayetukopesha hatakubali kulipwa mihogo. Kukopa harusi, kulipa matanga, na harusi yenyewe wengine hata hatukualikwa.

Makusanyo yakipungua, wizara yako hutafuta mahali rahisi pa kukamata. Julai 2021 ilikuwa simu zetu: tozo ya miamala, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu walilalamika nchi nzima, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka ule ule, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata. Lakini pengo halikuondoka, likahamia kwingine. Katika bajeti ya 2023/24 ikaja shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, pamoja na shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50.

Niruhusu nikueleze saruji hiyo inaishia wapi huku vijijini. Wananchi wakitaka darasa huchangishana. Wanafyatua tofali, wanasomba mchanga na maji, wanamlipa fundi, ukuta unafika usawa wa lenta. Hapo hulisimamisha boma na kusubiri serikali ilete bati na mbao za kupaulia. Linaweza kupigwa na mvua za misimu kadhaa, likaota majani ndani, diwani akabadilika, nalo bado liko wazi juu. Sasa tuseme boma hilo limekula mifuko 100 ya saruji. Wanakijiji wameipa serikali ukuta wa bure, kisha wakailipa shilingi 100,000 kwa ruhusa ya kuisaidia. Na fedha hiyo ilikusanywa kwa jina la miradi ya kimkakati. Kwetu sisi, mradi wa kimkakati ni bati.

Usidhani lawama hii ni ya chama kimoja. Mwaka 2010 Dkt. Willibrod Slaa wa CHADEMA aliahidi elimu bure, na CCM ikasema haiwezekani. Mwaka 2015 pande zote mbili zikaiahidi. Januari 2016 ada zikafutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi cha sita. Watoto wetu wamefaidi, na hakuna mzazi wa Katumba anayetaka ada irudi. Lakini katika kampeni zote hizo sikumsikia mgombea akisema madarasa mangapi yataongezeka, walimu wangapi wataajiriwa, na kodi ipi itawalipa. Jambo lisilowezekana liliwezekana mara tu lilipoleta kura, na bei yake ikaja baadaye, mwalimu mmoja akisimama mbele ya watoto wasiohesabika kwa urahisi.

CHADEMA yenyewe ilianzishwa mwaka 1992 na Mzee Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Huyu ndiye aliyejiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979, baada ya kutokubaliana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Unaweza kubishana na msimamo wake, lakini alikuwa tayari kupoteza kiti kwa sababu ya hesabu. Leo vyama vinagombana juu ya nani atatoa zaidi. Sikumbuki mara ya mwisho mgombea kupanda jukwaani akataja kitu atakachokipunguza.

Bungeni nako hali ni hiyo hiyo. Tangu sheria ya mwaka 2009 tuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati inayougawa. Anayepaswa kuisimamia serikali katika matumizi amegeuzwa mtumiaji. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutoa ripoti kila Aprili, wabunge huisoma kwa hasira wiki mbili, kisha wanapitisha makadirio. Ripoti ya mwaka huu imeonyesha Shirika la Ndege limepata hasara ya shilingi bilioni 91.8, kutoka bilioni 56.6 mwaka uliotangulia. Sisemi ndege ziuzwe. Nauliza hasara ikifika wapi ndipo mtu atalazimika kueleza.

Kuna watakaonijibu kwamba nchi maskini haiwezi kujenga bila kukopa, na kwamba kubana matumizi kunawaumiza wanyonge kwanza. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1996, chini ya Rais Mkapa, serikali ilipoanza kutumia kile tu ilichokusanya, watumishi walipunguzwa na huduma zilikauka. Mfumuko wa bei, hata hivyo, ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 20 mwaka 1995 hadi chini ya 6 mwaka 2002, na mkulima aliyeweka akiba ya noti akaikuta bado ina thamani. Kwa upande mwingine tumeona Kenya Juni mwaka jana: deni lilizaa muswada wa kodi, muswada ukazaa maandamano, vijana wakafa, na muswada ukaondolewa huku deni likibaki pale pale. Kubana mapema kunauma. Kubanwa na mdai kunaua.

Na mimi ni mnufaika wa matumizi hayo. Mbolea ya ruzuku ilipoanza mwaka 2022 nilijiandikisha kama wenzangu, na mahindi yalionyesha tofauti. Lakini ruzuku isiyo na mwisho unaojulikana inanifanya nipange shamba langu kwa bei ambayo si yangu. Siku itakapoondolewa ghafla, kama mipaka ilivyofungwa ghafla kwa mahindi yetu mwaka 2017 na bei ikaporomoka, nitaanguka nayo. Ni heri kuambiwa leo: miaka mitatu, kisha ujitegemee.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

1. Kila ilani ya uchaguzi, ya CCM na ya upinzani, iambatane na ukurasa wa gharama na vyanzo vya fedha, na wizara yako itoe tathmini yake hadharani kabla kampeni hazijaanza.

2. Halmashauri isianzishe jengo jipya kabla ya kupaua maboma yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi.

3. Kila tozo na kila ruzuku ipitishwe ikiwa na tarehe ya kufa. Bunge likitaka iendelee, ijadiliwe upya.

4. Mbunge aondolewe katika kugawa fedha za jimbo, abaki na kazi ya kuuliza zimekwenda wapi.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo. La pili unaweza kulianza kwa waraka kabla ya Julai mosi. Wagombea watakapofika Katumba nitawauliza la kwanza mbele ya watu, na ningependa wakute jibu lako limetangulia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima na mlipa kodi,
Katumba.