Elfu tano si fidia!

Oya, watu wa Kilifi na Malindi, tuambiane ukweli. Kwa hii barabara ya Mombasa–Malindi, kuanzia Tezo, Matsangoni mpaka Gede, mtu wa baiskeli akigongwa kesi huishia hapo hapo kando ya lami. Dereva anatoa elfu tano, wazee wanasema "tumalizane kiutu", gari linaondoka. Aliyevunjika mguu anabaki na mguu wake. Utu gani huo?

Sheria ya Kenya, Cap 405, inataka kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni nani? Ni wewe na baiskeli yako! Bima hiyo inaweza kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja aliyeumia. Sasa hiyo elfu tano inamwokoa nani?

Ati baiskeli haikuwa na taa? Sawa, korti inaweza kukupa sehemu ya lawama na ikapunguza fidia. Lakini dereva hasafishiki kwa hilo.

Kwa hivyo piga picha namba ya gari na stika ya bima. Ripoti polisi, upate namba ya OB. Daktari ajaze P3. Weka kila risiti. Tafuta wakili mwenyewe, si broka aliyekufuata wodini. Una miaka 3 ya kushtaki, na korti ziko Kilifi na Malindi, si Nairobi.

Na nyinyi wazee wa kumalizana: mkitaka utu, mpelekeni hospitali, kisha muandikishe ushahidi.