Mji mdogo ni mtulivu, lakini nani anakuona ukiugua?



Wengi wetu tunaohama London kwenda miji midogo tunafuata mambo mawili, kodi nafuu na utulivu. Hata mimi. Nilisomea uuguzi nyumbani Tanzania, nikasoma tena hapa Uingereza, na sasa naishi Louth, mji mdogo wa Lincolnshire ambao haujaona treni ya abiria tangu 1970. Jioni maduka yakishafungwa, barabarani unasikia viatu vyako mwenyewe. Majirani ni watu wema: "Habari za asubuhi, leo mvua," basi, kila mtu na mlango wake.

Miezi ya mwanzo nililala kama mtoto mchanga. Sitasema uongo, kwa mtu aliyechoshwa na zamu za usiku na ving'ora vya London, utulivu ni dawa. Lakini unaweza kutoka kwenye utulivu ukaingia kwenye upweke bila kujijua. Nyumbani ukikohoa siku mbili, jirani anapiga hodi na kikombe cha uji (na maswali mengi juu yake!). Hapa niliugua siku nne kitandani, na simu iliyolia ni ya kazini tu, wakiuliza nitarudi lini.

Baadaye nikaanza kuumwa kichwa. Nikasema ni uchovu. Mimi ninayepima watu presha kutwa, yangu sikuipima miaka miwili! Siku niliyopita duka la dawa ikasoma 168 kwa 102. Leo nameza kidonge kila asubuhi. Presha mara nyingi haina dalili yoyote, na ukiishi peke yako hakuna hata wa kukuambia, "Dada, mbona siku hizi umebadilika?"

Kwa hiyo ukihamia mji kama huu, kabla hujanunua mapazia, jiandikishe kwa daktari wa mtaa, yule wanayemwita GP. Ni bure, na kukosa pasipoti au barua ya anwani si sababu ya kukukatalia. Ukiwa na miaka 40 au zaidi, hapa England maduka mengi ya dawa yanapima presha bure. Usiku ukijisikia vibaya piga 111, unaweza kuomba mkalimani. Kifua kikibana au uso ukipinda upande, usingoje, piga 999. Tena ujue mapema idara ya dharura iko wapi. Yangu iko Grimsby, kama kilomita 25. Na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa kufikiria vitamini D mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima.

Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018. Nyumbani watu walicheka. Mimi sikucheka, ila sikumngoja waziri. Nimepatana na dada mmoja Mkenya aliye Lincoln: kila asubuhi tunatumiana ujumbe kabla ya saa tatu. Asiponipata kabisa, anampigia jirani yangu, bibi wa Kiingereza ambaye nilimpelekea chapati na baadaye nikampa ufunguo wa akiba.

Juzi nilisahau kutuma. Saa tatu na dakika tano simu ikalia, nikagombezwa kama mtoto wa shule.