Bando la Mwalimu

Jioni moja pale Chumbageni, tukinywa kahawa baada ya kusomeana hadithi zetu, mwenzetu mmoja alitoa kauli. "Walimu wa siku hizi wavivu tu. Wamepewa vishikwambi, mafunzo yapo mtandaoni bure, bado watoto wanafeli fizikia. Wanaangalia tamthilia hao!" Watu wakacheka. Mimi nami nikacheka, na hilo ndilo linaloniuma. Naandika haya kukitema kile kicheko.

Nilicheka hali mwalimu anayesemwa namjua. Jina lake silitaji, wala shule yake, maana ana mshahara wa kulinda. Alinifundisha fizikia na kemia katika shule ya kata upande wa barabara ya Pangani. Jengo la maabara lilikuwapo. Ndugu msomaji utakumbuka, Novemba 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, na wazazi wetu wakapitiwa nyumba kwa nyumba kuchangishwa. Kwetu kuta zilisimama, bati likapigwa, rangi ikapakwa. Ndani yakawekwa madawati mabovu. Bureti niliishika mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa, mkono ukitetemeka kama nimeshika bomu. Kemia nikapata F. Simsingizii mtu F yangu, nilikuwa pia nasoma riwaya chini ya dawati. Lakini waliokuwa hawasomi riwaya nao walipata F zao.

Basi wiki ile nikaenda kumtembelea mwalimu wangu. Ilikuwa baada ya Isha, nikamkuta barazani, uso umemulikwa na kishikwambi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo, usinisemeshe kwanza. Somo linakaribia kwisha na bando nalo linakaribia kwisha, sijui nani atamtangulia mwenzake."

Alikuwa kwenye kozi ya mtandaoni ya walimu wa sayansi, mada ni kufundisha kwa vitendo. Kwa vitendo! Katika video mtu wa koti jeupe alikuwa anadondosha asidi kwenye alkali, mara picha ikaganda, tone liko hewani. Tukalingojea lile tone kama watu wanaongoja pantoni. Yakaja maswali ya kuchagua, A, B, C, D. Akabonyeza, akapata yote, cheti kikatoka. Nikampongeza.

"Unanipongezea nini?" akaniambia. "Asidi yenyewe sina."

Hapo nikaanza kuuliza maswali ambayo mwenzetu wa Chumbageni hakuyauliza. Bando la nani? Lake. Umeme wa kuchajia? Wake. Saa je? Saa aliyoiba usingizini, baada ya vipindi, madaftari, kupika na kulaza watoto. Fundi gereji akitaka kijana wake ajue gari la aina mpya, humtoa kazini siku mbili na kumpa nauli. Mwalimu peke yake ndiye tunayetaka ajiongezee ujuzi wa kazi ya umma kwa hela ya mboga, halafu tunauita ukarimu: mafunzo bure!

Sipingi vishikwambi. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vile vya makarani walipewa walimu, jambo jema. Wala sipingi MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Ukiusoma ule utaratibu kwenye karatasi, una akili. Walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji, wachambue mada zinazowasumbua, na masomo yawe kwenye mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Sawa. Sasa shule yenye mwalimu mmoja tu wa fizikia, jumuiya yake anakutana na nani? Na kivuli chake?

Eti kumfundisha mwalimu akiwa mbali ni ugunduzi wa zama za intaneti! Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipotaka kila mtoto aingie darasani, vyuo havikutosha. Kuanzia 1976 wakachukuliwa vijana waliomaliza shule ya msingi, zaidi ya 40,000 kwa miaka ile, wakawa wanafundisha huku wakisomea ualimu kwa masomo ya posta na kwa redio. Tumewacheka sana, tukasema UPE maana yake Ualimu Pasipo Elimu. Lakini angalia jambo moja. Redio na posta havikuachwa peke yake. Walikuwapo wakufunzi wa kukutana nao ana kwa ana, na kufundisha kwao kulitazamwa. Yaani nchi iliyokuwa haina hata runinga bara ilijua kwamba lazima mtu mmoja akae nyuma ya darasa amwone mwalimu akifundisha. Sisi wenye 4G tumesahau. Tunahesabu vyeti.

Turudi kwa mwalimu wangu, maana usiku ule alinionyesha kitu. Baba yake mvuvi wa Kigombe. Darasani kwake watoto wa wavuvi wamejaa, bamvua na maji mafu wanavijua tangu wakiwa mgongoni. Basi akawaambia wapigilie vigingi ufukweni pale maji yanapokomea, kila siku, siku kumi na tano, na usiku wachore sura ya mwezi. Wakachora grafu. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kigingi kiko juu. Nusu mwezi, kigingi kimeshuka. Nguvu ya mvutano ya mwezi na jua imekaa pale mchangani, gharama yake vijiti tu. Wale mabubu wa darasani, wanaoogopa Kiingereza, siku ile walimfundisha yeye majina ya maji.

Somo lile halina cheti. Hakuna kozi iliyowahi kumuuliza analo nini. Mtandao unashusha tu, haupandishi. Kule Moa kuna mwalimu mwenye bahari ileile, Pangani yupo mwingine, na hawajuani. Kama intaneti ina kazi, si ndiyo hiyo? Mwalimu wa Moa avione vigingi vya mwenzake, abishe, aongeze vyake. Bando alipe mwajiri, saa iwe ndani ya ratiba ya kazi, na asidi ifike kabla ya video ya asidi. Kisha aje mtu shuleni, asiulize cheti kiko wapi, aulize ni mtoto gani ameishika bureti.

Kuna watakaosema gazeti la fasihi linatafuta nini kwenye fizikia. Mwalimu wangu ameniomba nimwandikie lile somo la vigingi kwa Kiswahili kinachosomeka, lipigwe chapa, wenzake walipate hata bila bando. Nimeandika kurasa tano, na nakiri zimenishinda kuliko sura yoyote ya riwaya yangu. Nakwama kwenye maneno. TUKI walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, nami nimeisaka Ngamiani nzima sijaipata. Mwenye nakala aniazime, nitairudisha. Na yule mwenzetu wa Chumbageni, akiwa bado anacheka, toleo lijalo lina nafasi, aandike.