BWANA SHAMBA ANASEMA: MALI IKO JUU YA JIWE



Hapa Mungaa tunayajua majabali. Watoto wetu huchunga mbuzi kando yake. Mwezi huu tuzungumze juu ya majabali yenye picha.

Nenda Kolo, wilaya ya Kondoa. Utaona picha nyekundu za twiga, tembo na watu warefu wembamba. Zilichorwa na watu walioishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, kabla jembe halijafika. Picha nyeupe zilichorwa baadaye. Majabali yenye picha huko ni zaidi ya 150. Mwaka 2006 UNESCO iliyaandika kuwa urithi wa dunia.

Jabali moja huitwa Mungumi wa Kolo. Wenyeji hutambika hapo kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Lakini hapo hapo watu wamechimba mashimo. Kwa nini? Mwaka 1916 Wajerumani na Waingereza walipigana Kondoa. Tangu hapo watu husema Wajerumani walificha mali chini ya majabali.

Ndugu mkulima, wewe unaujua udongo. Chini ya majabali hayo kuna majivu, mifupa, vigae na mawe ya kukatia. Vimepangana kama magunia ghalani: la chini ndilo lililotangulia kuwekwa. Mtaalamu huchimba polepole kwa mwiko na kuandika kila tabaka. Hivyo hujua nani alitangulia, alikula nini, alitumia chombo gani. Mtu wa sururu huvuruga yote kwa siku moja. Mbegu zikichanganyika utazichambua. Udongo huo hauchambuliki tena.

Picha za namna hii zipo hata mkoani kwetu Singida, kama kule Iramba. Basi ukiona picha kwenye jabali, fanya hivi:

1. Usizimwagie maji ili zionekane vizuri. Zitafifia.
2. Usiwashe moto chini yake. Moshi huzifunika.
3. Usiandike jina lako.
4. Usichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali.
5. Mwambie mwenyekiti wa kijiji au mtendaji.

Anayetafuta mali chini ya jabali anaikanyaga mali yenyewe. Shimo hufukiwa, lakini habari za wazee ikishavurugwa hairudi.

Wasomee jirani zako ukurasa huu. Tuonane mwezi ujao.