WATOTO WETU NA DEBE LA KAHAWA

Ndugu wanachama wa Thika na Ruiru,

Kahawa ikiiva, kuanzia Oktoba, madawati ya shule zilizo karibu na mashamba huanza kubaki matupu. Mtoto yuko shambani anamsaidia mama kujaza debe. Sababu twaijua: mchumaji hulipwa kwa debe, na mikono miwili haileti pesa za kutosha unga na kodi.

Lakini tutazame hasara. Siku ile mtoto alipokosa, mwalimu alifundisha hesabu za sehemu. Akirudi, wenziwe wamekwisha fika kwenye desimali, naye hajui pa kushika. Mtihani wa mwisho wa mwaka ukija anaanguka, na nyumbani aitwa mjinga! Si mjinga; hakuwapo.

Karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2003, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yamlazimisha mzazi kuona mtoto anahudhuria. Yamshika mzazi, habari za bei ya debe haisemi. Hiyo ni kazi ya chama. Wajumbe wetu wakikaa na waajiri, wadai bei itakayomtosha mchumaji bila mkono wa mtoto. Nasi wazazi tusingoje mapatano hayo: Jumatatu asubuhi mtoto aende shule.