Daraja Tunalo, Malengo Je?

Tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua rasmi Daraja la J.P. Magufuli, safari ya kutoka Kigongo hadi Busisi imekuwa ya dakika chache tu. Maji yale ya kilometa 3, ambayo zamani yalimchukua msafiri nusu saa ndani ya pantoni na pengine saa mbili za kuingojea, sasa mtu huyavuka kabla hajamaliza kumsimulia jirani yake habari za nyumbani. Kazi hiyo kubwa imefanywa kwa fedha za wananchi, zaidi ya shilingi bilioni 700, na wanaostahili pongezi wamekwisha pongezwa.

Leo twapenda kuwazungumzia wale ambao riziki yao ilikuwa kungoja kwa wenzao. Kwa miaka mingi pande zote mbili za kivuko zilikuwa na wauza samaki wa kukaanga, mama lishe, wachukuzi, na vijana waliotembeza maji na karanga madirishani mwa mabasi. Basi sasa halisimami. Hakuna aliyewakosea, wala hatudhani yuko anayetaka foleni zile zirudi. Lakini mtu wa miaka arobaini aliyejua kazi moja tangu ujana wake hana budi kujiuliza jambo ambalo hakuwahi kulazimika kujiuliza: nataka nini, na nikipate lini?

Visiwani nako swali ni lilo hilo. Serikali ilipoanza kuwakopesha wavuvi boti na vizimba vya kufugia samaki, mwezi Januari 2024, wengi waliona chombo kipya tu. Kumbe kilichokuja ni maisha mapya. Mvuvi humtafuta samaki. Mfugaji humlisha, humpima, huandika daftari, kisha hungoja miezi. Tabia hiyo haiji pamoja na kizimba.

Wako watakaosema kwamba kujipangia malengo ni mambo ya wasomi wa mjini, na kwamba mtu mzima hafundishiki. Historia ya mkoa huu yawakanusha. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya chache zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Watu wenye wajukuu wakashika kalamu kwa mara ya kwanza. Katika mikoa ya Ziwa vitabu vya kisomo vilizungumzia pamba, ndizi na uvuvi, yaani mambo ya mwanafunzi mwenyewe. Lengo lilikuwa la Taifa, lakini aliyehudhuria darasani alikuwa na lake: kusoma barua ya mwanawe bila kumpa mtu mwingine siri za nyumbani, au kusoma mizani ya pamba kwa macho yake. Lilikuwa dogo, na lilikuwa na tarehe.

Twamwomba kila msomaji wetu wa visiwani achague jambo moja la namna hiyo. Hata kuogelea ni lengo. Ni ajabu kwamba mtu azaliwe Ukara au Kome, avuke ziwa maisha yake yote, na bado asijue kuogelea. Tena aone haya kujifunza kwa kuwa ni mtu mzima. MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Ukara, watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Hatusemi kuogelea kungewaokoa waliofunikwa na chombo. Twasema kwamba anayeishi na maji yafaa ayajue.

Kwa ndugu zetu maofisa tuna neno pia. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, humfaa aliyekwisha amua. Asiyejua anachokitaka atanunua bidhaa zile zile na kuzipanga pale pale ambapo basi halisimami tena. Mafunzo hayana budi kutangulia, na yaje kwa wakati wa mwananchi. Semina ikiitishwa saa tatu asubuhi, mvuvi wa dagaa ndiyo kwanza ametoka majini, na mkewe yuko juani anaanika. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, na wenyewe hupumzika. Siku hizo hujirudia kila mwezi, na kila mwanakijiji anazijua bila kuangalia kalenda ya ofisi.

Basi halmashauri za Sengerema, Buchosa na Ukerewe zipange madarasa yao kwa kufuata mwezi, kuanzia mwezi mpevu ujao. Na pale Busisi, ofisa maendeleo ya jamii awafuate wachuuzi kivukoni, mmoja mmoja, kabla hawajatawanyika.